Mfumo upimwe kwa siku anazosubiri mkulima

KILA unapofika msimu wa ufuta au korosho katika Mkoa wa Lindi, wakulima na wafanyabiashara hutangaziwa takwimu za aina mbili. Ya kwanza ni tani zilizoingizwa mnadani. Ya pili ni bei ya juu na bei ya chini kwa kilo.

Takwimu hizo ni muhimu na hatuna ugomvi nazo. Lakini iko takwimu ya tatu ambayo ni nadra kuisikia ikisomwa mnadani au kuiona kwenye ubao wa chama cha msingi. Nayo ni hii: zimepita siku ngapi tangu mkulima apimiwe mzigo wake hadi fedha kuingia kwenye akaunti yake?

Mkulima wa Njinjo, Kipatimu au Nanjirinji anaijua takwimu hiyo kwa sababu anaiishi. Akiulizwa atataja siku aliyopeleka gunia, siku ya mnada, na siku alizokwenda benki Kilwa Masoko akarudi mikono mitupu huku nauli ikiwa imeteketea.

Maoni yetu ni kwamba mfumo wa kuuza mazao unatakiwa kupimwa kwa takwimu hiyo ya tatu kabla ya nyingine zote. Na tunapendekeza viongozi wa ushirika wakajifunze namna ya kuipima kutoka mahali ambapo pengine hawakutarajia, yaani kwa mafundi wanaoendesha mitambo mikubwa ya kompyuta.

Tunaanza na mahali tulipo. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilitungwa mwaka 2005, na korosho zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo msimu wa 2007/08 mkoani Mtwara kabla ya mikoa mingine kufuata. Mkulima hupeleka mazao chama cha msingi, yaani AMCOS. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, huuzwa kwa mnada, mnunuzi hulipa kupitia benki, makato hufanywa, kisha mkulima hulipwa.

Kwa wakulima wa Kilwa, mnada husimamiwa na chama kikuu cha Lindi Mwambao. Siku hizi minada hiyo huendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Zile bahasha za zabuni zilizokuwa zikifunguliwa mbele ya wakulima zimeipisha skrini.

Hatua hiyo ni nzuri. Bei inaonekana na kila mtu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kompyuta iliyowekwa mnadani inaharakisha hatua moja tu ya safari ndefu. Mnada ukichukua saa moja badala ya siku nzima, halafu orodha ya malipo ikalala wiki tatu kwa sababu ya sahihi moja au namba ya akaunti iliyokosewa, mkulima hajaona tofauti yoyote.

Nchi hii ina uzoefu wa zamani wa kununua mashine kabla ya kuulizana inatakiwa imfanyie nani nini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Baada ya matatizo mengi katika kazi za hesabu zilizopelekwa kwenye kompyuta, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, zuio ambalo baadaye lililegezwa na hatimaye kuondolewa.

Mitambo mikubwa ya aina hiyo, ambayo mafundi huiita meinfremu, bado ipo duniani. Mabenki mengi makubwa, mashirika ya ndege na kampuni za bima huitumia mpaka leo. Mtambo mmoja hupokea kazi za maelfu ya watu kwa wakati mmoja: huyu anatoa fedha kwenye mashine, yule anauliza salio, na huku benki inakokotoa riba ya wateja wote usiku kucha.

Kazi zote hizo hugombea mtambo uleule, kama wakulima wanavyogombea mzani mmoja asubuhi ya siku ya kupokea mazao. Swali la mafundi likawa lilelile la katibu wa AMCOS: nani atangulie, nani asubiri, na tutajuaje kwamba tunahudumia vizuri?

Kwa miaka mingi walijibu kwa kuhesabu shughuli za mtambo wenyewe. Waliuliza umefanya kazi kwa asilimia ngapi leo, na kila kazi ipewe kipaumbele kipi. Ukikuta mtambo haupumziki, unaridhika. Kumbe mtambo unaweza kuwa na kazi usiku na mchana huku mteja amesimama dirishani akisubiri.

Mwaka 1994 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa utaratibu mpya ndani ya mitambo yake uitwao Workload Manager. Badala ya fundi kugawa nguvu ya mtambo kwa kukisia, anauandikia ahadi. Kwa mfano: wateja 90 kati ya 100 wanaotoa fedha wahudumiwe ndani ya sekunde moja. Kila ahadi hupewa pia uzito wake, kuanzia namba 1 kwa kazi ambayo haitakiwi kukwama hadi namba 5 kwa ile inayoweza kungoja.

Baada ya hapo mtambo hujipima wenyewe kila baada ya sekunde 10. Ukikuta kazi nzito inakosa ahadi yake, huchukua nguvu kwenye kazi ambayo ahadi yake imetimia na kuipeleka pale palipopungua. Mafundi nao husoma ripoti inayoonyesha ahadi ipi imetimizwa, ipi imevunjwa na kwa sababu gani.

Katika utaratibu huo yapo mambo manne ambayo mkulima wa Kilwa anaweza kuyadai hata kama chama chake hakina kompyuta hata moja. Daftari na kalamu vinatosha.

La kwanza ni kuwa na ahadi yenye namba. Kusema “malipo yatafanyika mapema iwezekanavyo” hakuna maana yoyote, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu anaweza kusimama na kusema ahadi hiyo imevunjwa. Ahadi ni kusema: wakulima 95 kati ya 100 watalipwa ndani ya siku 10.

Ukishakuwa na ahadi, kupima ni kugawanya tu. Chukua siku zilizotumika, gawanya kwa siku zilizoahidiwa. Ukipata 1, ahadi imetimia sawasawa. Siku 8 kwa ahadi ya siku 10 ni 0.8, hiyo ni nafuu kwa mkulima. Siku 15 ni 1.5, hapo kuna tatizo. Mafundi wa meinfremu hutumia hesabu hiyohiyo, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaiweza.

La pili ni kujihadhari na wastani. Hapa ndipo taarifa nyingi za mwisho wa msimu zinapomficha mkulima.

Tuseme chama kina wakulima 100 na kimeahidi kulipa ndani ya siku 10. Wakulima 90 wakalipwa siku ya nne. Waliobaki 10 wakalipwa siku ya 60. Wastani wa wote ni siku 9.6. Mwenyekiti atasimama kwenye mkutano mkuu na kusema lengo limefikiwa, na kwa hesabu ya wastani hatakuwa amesema uongo.

Lakini kaya kumi zimekaa miezi miwili bila senti. Ukipima kwa ahadi ya wakulima 95 kati ya 100, unatakiwa kumtafuta mkulima wa 95 uone alilipwa lini. Alilipwa siku ya 60. Gawanya kwa 10, unapata 6. Taarifa iliyokuwa nzuri kwa wastani sasa inaonyesha ahadi imepitwa mara sita.

Wafanyabiashara wadogo nao hukumbwa na hesabu ya namna hiyo. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulisumbua na watu wakapanga foleni kutafuta umeme. Huduma ikizimika siku mbili katika mwezi wenye siku 31, kwa wastani bado imepatikana zaidi ya asilimia 93. Kwenye karatasi hiyo ni alama nzuri. Kwa muuza samaki wa Kilwa Masoko ambaye barafu yake imeyeyuka na pweza wameharibika, alama hiyo haimsaidii kitu.

La tatu ni saa ianze kuhesabiwa wapi. Ukimuuliza msimamizi wa mnada, atahesabu tangu siku ya mnada. Ukiuliza benki, itahesabu tangu ilipopokea orodha. Kila mmoja atakuonyesha kwamba amefanya kazi yake ndani ya muda, na bado mkulima amekaa mwezi mzima.

Kwenye mtambo mkubwa, saa ya mteja huanza pale ombi lake linapoingia. Muda wa kusubiri kwenye foleni nao huhesabiwa, kwa sababu mteja hajali kama alicheleweshwa foleni au kazini. Vivyo hivyo, saa ya mkulima ianze dakika anaposhusha gunia lake kwenye mzani wa AMCOS na kukabidhiwa stakabadhi. Isimame siku fedha zinapoonekana kwenye akaunti yake.

La nne, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, ni kuuliza mzigo ulisubiri nini. Mafundi wana kipimo kingine wanachokitumia kwa kazi ndefu ambazo hazina muda maalumu wa kumalizika. Huhesabu ni mara ngapi kazi imekutwa inashughulikiwa, na mara ngapi imekutwa imekaa tu ikingoja.

Tuupeleke mfano huo ghalani. Gunia la ufuta limechukua siku 20 tangu mzani hadi malipo. Kupima na kuandika kulichukua siku moja, kusafirisha siku moja, mnada siku moja, na benki kuingiza fedha siku moja. Jumla siku nne za kazi. Siku nyingine 16 gunia au karatasi zake zilikuwa zimekaa. Maana yake mzigo huo ulishughulikiwa kwa asilimia 20 tu ya safari yake.

Sasa ziandikwe siku hizo 16 zilikwenda wapi. Ngapi zilisubiri magunia tupu? Ngapi zilisubiri lori? Ngapi zilisubiri mnada uliofuata? Ngapi mnunuzi alichelewa kulipa? Ngapi orodha ya wakulima ilikuwa ikirekebishwa?

Orodha ya namna hiyo humaliza ubishi. Mikutano mingi ya ushirika huharibika kwa sababu mkulima anamlaumu katibu, katibu anakilaumu chama kikuu, chama kikuu kinamlaumu mnunuzi, na mnunuzi anasema alilipa zamani. Tarehe zikiandikwa kila hatua, mwenye kuchelewesha hujulikana na asiyehusika husalimika. Katibu mwaminifu anapaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono kipimo hiki, kwani ndicho kitakachomkinga.

Yapo pia machelewesho ambayo si ya mtu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga na maeneo mengine ya Kilwa, na magari yakakwama. Mwezi huohuo hitilafu ya mikongo ya baharini ilivuruga intaneti nchini. Hakuna atakayemlaumu katibu wa AMCOS kwa mambo hayo. Lakini yakiandikwa kama sababu, hayataweza kutumiwa kama kisingizio miezi sita baadaye, wakati barabara inapitika na mtandao umerudi.

Wapo watakaosema kwamba bei nzuri ndiyo kitu cha maana na kwamba siku chache za kusubiri si hoja. Tunaheshimu mawazo hayo, lakini historia ya karibuni inatuonyesha vingine.

Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za wanunuzi, Serikali ya Awamu ya Tano iliamua kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo. Ilikuwa bei nzuri kuliko iliyokuwapo mnadani. Jeshi lilisomba korosho, na uhakiki wa wakulima ukafanyika ili waliokusanya kwa njia zisizo halali wasilipwe. Uhakiki ulikuwa na sababu zake. Hata hivyo malipo yalivuka mwaka, na wapo wakulima waliofika msimu wa kilimo wa 2019 bila kulipwa.

Mkulima yule aliijua bei, lakini hakuijua siku. Ada ya shule ilimkuta Januari, vibarua wa palizi walitaka chao, na maandalizi ya salfa ya mikorosho hayakuweza kungoja. Bei isiyo na tarehe haimwezeshi mtu kupanga bajeti wala kukopa kwa busara.

Hapo ndipo kangomba inapozaliwa. Sheria inakataza kununua mazao kwa bakuli na kopo nje ya mfumo, na kila mwaka wahusika hukamatwa. Lakini mnunuzi wa kangomba anatoa kitu kimoja ambacho mfumo rasmi mara nyingi hauna. Anatoa fedha leo.

Tufanye hesabu. Tuseme mnadani kilo ni Sh2,000 na kangomba anatoa Sh1,200. Mkulima mwenye kilo 250 akiuza kwa kangomba anapoteza Sh200,000. Mtu mwenye akili timamu hawezi kutupa fedha hizo bure. Anazitoa kwa sababu hana uhakika atalipwa lini, na mtoto amerudishwa nyumbani. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kutokuwa na tarehe, na inalipwa na maskini kuliko wote, maana mwenye akiba anaweza kungoja.

Kwa hiyo vita dhidi ya kangomba haiwezi kumalizwa na mgambo peke yao. Chama kinachotaja siku za malipo na kuzitimiza kitampokonya kangomba wateja wake bila kumkimbiza mtu porini.

Tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa vyama vya msingi na vyama vikuu vya Lindi, na kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika inayovisimamia.

Kabla msimu haujafunguliwa, kila AMCOS ibandike kwenye ubao ahadi yake ya malipo kwa namba. Ahadi hiyo ikubaliwe na wanachama katika mkutano, isiwe amri kutoka juu. Isiwe nyepesi kiasi cha kutimizwa na mzembe, wala isiwe nzito kiasi kwamba hakuna anayeiamini. Chama kikiona kila mnada kinapata 0.3, kipunguze siku zilizoahidiwa, maana ahadi hiyo haipimi tena chochote.

Baada ya kila mnada, karatasi moja ibandikwe ikiwa na mambo matatu: wakulima wangapi kati ya 100 walilipwa ndani ya ahadi, aliyechelewa kuliko wote alisubiri siku ngapi, na sababu kubwa ya kuchelewa ni ipi. Karatasi hiyo isingoje mkutano mkuu wa mwaka. Ugonjwa unaogunduliwa mwisho wa msimu hauna dawa ya msimu huo.

Jina moja lenye kasoro lisizuie orodha nzima. Akaunti za watu wawili zikiwa na makosa, wenzao 98 walipwe na wale wawili washughulikiwe pembeni. Mtambo mkubwa hausimamishi kazi za wateja wote kwa sababu ya kazi moja iliyokwama, na hakuna sababu ya ushirika kufanya hivyo.

Chama kikuu nacho kipeleke nguvu panapochelewa. Mara nyingi AMCOS zilizo karibu na lami ya Nangurukuru huhudumiwa haraka, na za ndani hungoja lori. Kama ripoti inaonyesha wa lami wanapata 0.7 na wa ndani 2, lori linalofuata liende ndani. Wa lami wakifika 0.9 bado ahadi yao haijavunjwa.

Wakulima nao wana wajibu wao. Namba ya akaunti na ya simu zihakikiwe kabla ya msimu, si siku ya malipo. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake tarehe ya kupima mzigo na tarehe ya kupokea fedha. Anayekwenda mkutanoni na tarehe mbili zilizoandikwa ana nguvu kuliko kumi wanaopiga kelele.

Wenye maduka, mawakala wa fedha kwa simu na wanunuzi wa samaki wa Kivinje na Masoko wanaweza kutumia kipimo hichohicho. Usiseme tu kwamba mtandao unasumbua. Andika wateja wangapi kati ya 100 waliondoka bila kuhudumiwa wiki hii, na siku gani. Ukienda kwa kampuni na daftari hilo, mazungumzo yatakuwa tofauti.

Serikali na ushirika wametumia fedha nyingi kuleta skrini za mnada. Tunawapongeza. Lakini skrini inaonyesha bei tu. Tunasubiri kuona ubao wa mbao wa AMCOS, pale Kipatimu na pale Njinjo, umeandikwa kwa chaki: tuliahidi siku 10, tumelipa 95 kati ya 100, wa mwisho alisubiri siku 12, sababu ni lori. Chama kitakachothubutu kuandika hivyo msimu ujao kitakuwa kimeanza kumheshimu mwanachama wake.